Siku Ishirini na Sita za Utoro

Siku hizi nikiulizwa nafanya kazi gani najibu kwa kifupi, mtu wa kompyuta, halafu nabadilisha mazungumzo. Kituo chetu cha afya kipo pwani, kati ya Kilwa na Lindi, na jina lake silitaji kwa sababu waliokosea humo bado wanakula humo, nikiwamo mimi. Kina wodi mbili, maabara ya chumba kimoja, dirisha la dawa, na banda la nyuma walilolipa jina kubwa: chumba cha mifumo. Humo nilikaa na feni bovu na kisanduku cha mtandao chenye taa za kijani, nikijiona mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, cheti changu nimekitundika ukutani, na kile kiburi cha mtu anayejua jambo moja ambalo wenzake wote hawalijui. Kinakufanya uwajibu watu kwa mkato, na watu wanakuvumilia kwa kuwa wanakuhitaji.

Lakini habari yenyewe ni ya mwanamke mmoja tuliyemwita Bimkubwa. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Alizaliwa Songo Mnara, akaolewa Mitole, mume akafariki, naye akaja mjini kwetu na binti yake mmoja. Pale kituoni alikuwa na miaka kumi na miwili, na yote kumi na miwili ya mkataba. Kila mwaka anaitwa ofisini, anawekewa karatasi mbele, anasaini, anaambiwa mwakani tutaona. Wauguzi walikuja na kuhamishwa, mganga mfawidhi wa kwanza akastaafu, wa pili akapandishwa cheo, yeye yupo pale pale na ndoo yake na shuka zake, anajua kila mtungi wa gesi umekaa wapi na kila mkunga ana hasira za namna gani.

Mwaka huo makao makuu wakatangaza kwamba watu wa mkataba wataingizwa kwenye ajira ya kudumu. Kituo chetu kikapewa nafasi moja. Masharti yalikuwa mawili tu: uwe hujafikisha miaka arobaini na mitano, na mahudhurio yako ya miezi sita yawe hayana doa. Bimkubwa alikuwa na arobaini na minne. Hakukuwa na ubishi hata kidogo kwamba nafasi ni yake. Mimi pia nilikuwa wa mkataba, lakini miaka yangu pale ilikuwa miwili tu, na nilikuwa wa kwanza kumwambia, "Bimkubwa, safari hii hawana pa kutokea." Akaniambia, "Nyamaza wee, usije ukanitilia kisirani." Lakini alikuwa anacheka, na wiki ile alinunua viatu vipya vya kazi.

Sasa hayo mahudhurio. Zamani kulikuwa na daftari mlangoni, unaandika jina na saa uliyofika. Makao makuu walilifuta wakisema watu wanaandikiana. Kweli walikuwa wanaandikiana, sikatai. Badala yake kila kitengo kikapewa laptopu, na wauguzi wote wakapewa moja ya kwao ofisini. Ukifika asubuhi unaifungua, unaandika jina lako na paswedi yako, na seva iliyoko makao makuu inakutambua na kuandika kwamba umefika. Jioni unatoka kwa njia hiyo hiyo. Mkubwa mmoja alikuja kutuelezea, akasema mashine haina undugu wala shemeji. Tukampigia makofi.

Laptopu ya wodi ya wazazi ilikuwa mikononi mwa Bimkubwa karibu siku nzima, maana muuguzi akitoa dawa yeye ndiye anayeingiza kwenye mfumo, na mama akiruhusiwa kwenda nyumbani yeye ndiye anayemweleza saa za kumeza. Na hapo ndipo palikuwa na shida. Mashine inasema saa nane, na wodi nzima inajua ni saa mbili asubuhi. Mashine inasema kumi na nne, na mama kitandani anataka kusikia saa nane mchana. Sisi wote tunaoishi huku tunaondoa sita kichwani bila kufikiri, lakini jaribu kuondoa sita mara mia kwa siku, mtoto analia huku na damu inamwagika kule. Siku moja alikosea. Alimwambia mama aliyejifungua anywe vidonge saa nane badala ya saa mbili, kwa sababu aliisoma namba kama ilivyo kwenye kioo. Mkunga akamuwahi mlangoni. Hakuna aliyedhurika, lakini Bimkubwa alikuja bandani kwangu mbio.

"Mwanangu," akasema, "hii saa haiwezi kusema kama watu wanavyosema?"

Nikataka kumwonyesha kwamba mimi ni fundi. Nikamwambia inawezekana, mbona rahisi. Kwenye laptopu kuna orodha ya nchi zote na saa zake. Ukiiambia mashine ipo Brazili, inarudisha mshale nyuma saa sita kamili, na kioo kinasoma saa mbili pale ambapo huku ni saa mbili. Nikamchagulia Brazili. Uzuri wake ni kwamba tulibadilisha uso tu. Ndani kabisa, mahali ambapo mashine inaweka saa yake ya kweli ya dunia nzima, hakuna kilichoguswa, na seva haikulalamika. Hata tarehe ikawa inabadilika alfajiri, saa kumi na mbili, kama siku inavyoanza kwetu. Bimkubwa alikaa akiitazama saa ile, kisha akasema, "Kumbe Brazili ndiko wanakojua saa." Wauguzi wakamtania mwezi mzima. Akichelewa kidogo kutoka chooni wanamwuliza, Bimkubwa, ndege imechelewa?

Kama ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia watu.

Tatizo, laptopu ile ilikuwa kuukuu. Betri ikiisha kabisa inasahau vitu, mara sauti, mara lugha, na kila ikisahau Bimkubwa anakuja bandani. Alikuwa haruhusiwi kubadilisha chochote kikubwa. Mambo hayo yanadai paswedi ya msimamizi, na msimamizi pale ni mimi peke yangu. Siku moja alinikuta nimelala kwenye kiti, mchana, baada ya kula. Nikakasirika. Nikachana kipande cha karatasi, nikamwandikia paswedi ile kwa mkono wangu, nikampa. Nikamwambia, "Bimkubwa, usiniite kwa kila kitu, ukikwama weka hii." Akaikunja akaifunga kwenye ncha ya kanga. Kumpa mtu mwingine paswedi ya msimamizi ni kosa la kufukuzwa. Nilisaini fomu nikiapa sitafanya hivyo. Nilifanya ili nilale.

Baadaye nikaenda Kiranjeranje siku tatu, mjomba wangu amefiwa. Nikiwa huko akaja fundi wa makao makuu, kijana wa Dar mwenye maneno mengi, na kazi yake ilikuwa kupitia laptopu zote za vituo na kuziweka sawa. Walinisimulia baadaye. Alipofika wodi ya wazazi alicheka mpaka akakaa. "Mama, uko Brazili au?" Wauguzi wakacheka na Bimkubwa akacheka. Yule fundi akawasha ile namna ya mashine kujitambua yenyewe ipo nchi gani, ikajirudisha Afrika Mashariki, na pale pa kuchagulia nchi pakafungwa, hapabonyezeki tena. Hakuuliza kwa nini palikuwa Brazili. Hakuniachia hata ujumbe. Aliandika kwenye ripoti yake kwamba amerekebisha, akaondoka na gari.

Kesho yake asubuhi Bimkubwa akafungua laptopu, saa inasoma nane. Mama watatu wanasubiri dawa. Akajaribu kuchagua Brazili kama alivyoniona nikifanya, haikubali. Mimi nipo matangani, simu yangu haishiki vizuri, na isitoshe nilishamwambia asiniite kwa kila kitu. Basi akafungua ncha ya kanga, akaingia sehemu ya kurekebisha saa yenyewe, akaweka paswedi yangu, akaurudisha mshale nyuma saa sita kwa mkono. Kioo kikasoma mbili. Akashukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Nieleze kilichotokea, maana watu wote waliokaa kwenye kile kikao hawakukijua, na mimi niliyekijua sikukisema. Kwa macho saa ilikuwa ile ile ya Brazili. Lakini safari hii hakubadilisha uso. Aligusa saa ya ndani. Mashine sasa iliamini kwamba dunia nzima ipo saa sita nyuma. Na seva, unapoomba kuingia, inalinganisha saa yako na yake. Zikipishana zaidi ya dakika tano inakukataa, hata paswedi yako iwe sahihi, kwa sababu inakuona kama mwizi aliyeokota tiketi ya jana. Inakukataa bila kelele. Laptopu yenyewe inakufungulia, kwa kuwa inakukumbuka. Unaingiza dawa, unaingiza waliojifungua, mashine inahifadhi ikisubiri kutuma. Kitu pekee kinachoonekana ni alama ndogo ya njano pembeni.

Na ile alama aliiona. Siku niliyorudi kutoka Kiranjeranje alikuja mpaka mlangoni kwangu, akanipa pole ya msiba, akakaa kidogo, kisha akasema kuna kitu cha njano kinawaka pembeni mwa kioo, hakikuwapo. Nilikuwa nakunywa chai. Nikamwambia, "Achana nacho, Bimkubwa, mtandao wa huku ndivyo ulivyo." Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuuliza tena. Kwenda wodini ni hatua arobaini, na sikwenda.

Alifanya kazi siku ishirini na sita namna hiyo. Anafika kabla ya wote, anaandika jina lake na paswedi yake, mashine inamfungulia, anajua ameshahesabiwa. Kumbe kule makao makuu kila siku inaandikwa hakuja. Nilikuwa natakiwa kupitia orodha ya walioingia kila wiki. Sikupitia hata moja.

Barua ilikuja kwa mganga mfawidhi. Inasema mhudumu wa wodi ya wazazi ametoroka kazini siku ishirini na sita mfululizo, atoe maelezo, na jina lake limesimamishwa kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Mganga mfawidhi akamwita, akamsomea. Bimkubwa alidhani wamekosea mtu. Aliniita dirishani, "Mwanangu, njoo uwaambie hawa." Nikaenda wodini, nikafungua mashine. Haikunichukua hata dakika mbili. Nikaona saa, nikaona alama ya njano, nikaona kwenye kumbukumbu kwamba saa ilibadilishwa kwa paswedi ya msimamizi. Ya kwangu.

Wakati huo hakuna aliyekuwa anajua ila mimi. Na hapo nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasikia uchungu mdomoni. Niliirudisha saa mahali pake. Nilijiambia namsaidia, ili aanze kuhesabiwa. Uongo. Nilikuwa naficha. Mara tu saa ilipokaa sawa alama ya njano ikazimika, seva ikafungua mlango, na zile kazi zote za siku ishirini na sita zilizokuwa zimehifadhiwa zikaanza kwenda makao makuu. Bimkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imepona?" akauliza. Nikasema imepona.

Sikufikiria kwamba kila kazi iliyotumwa ilikuwa imebeba saa yake. Dawa aliyoingiza saa mbili na robo asubuhi ilikwenda na alama ya mbili na dakika kumi na tano, na kwa hesabu ya makao makuu hiyo ni saa nane na robo usiku. Aliyejifungua saa nne asubuhi akaonekana amejifungua alfajiri ya saa kumi. Siku ishirini na sita za kazi za usiku wa manane, za mtu wa zamu ya mchana, zimekuja zote kwa mkupuo siku ile ile aliyopewa barua. Walizipokea wakazisoma walivyotaka: mwanamke huyu alikuwa haji kazini, na alipobanwa amekaa akatunga kazi za uongo. Kesi ya utoro ikawa kesi ya kughushi. Mimi ndiye niliyewapelekea ushahidi.

Jioni ile Bimkubwa alinifuata bandani. Alikuwa ameshaanza kuunganisha mambo, hakuwa mjinga. "Ni ile saa, siyo?" akasema. "Niliigeuza mwenyewe yule kijana wa Dar alipoondoka. Nilitumia karatasi yako." Nikamwambia ni ile saa. Nikamweleza yote, na seva, na dakika tano, na tiketi ya jana. Alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Utawaambia?"

"Nitawaambia, Bimkubwa."

"Wakiuliza karatasi?"

"Nitawaambia nilikupa mimi."

Akanishika bega. Hakuwa mtu wa kushikashika watu.

Wakaja watatu na gari. Afisa utumishi, mwanamama mtulivu sana, na wanaume wawili ambao sikuelewa vyeo vyao. Tulikaa kwenye chumba cha kliniki ya watoto, viti vimepangwa chini ya picha za chanjo. Bimkubwa alivaa vile viatu vipya. Muuguzi wa wodi alisema kwanza. Alisema anamwona kila siku, hajawahi kukosa hata siku moja, na kuna mtoto mmoja yeye na Bimkubwa walimpokea pamoja saa nne asubuhi, jua kali, na kadi ya mama ipo. Afisa utumishi akapekua karatasi zake. "Mfumo unasema saa kumi alfajiri," akasema.

"Mfumo umekosea."

"Mfumo unakosea saa sita kamili, kila siku, kwa mtu mmoja tu?"

Yule mwanamama hakusema kwa ubaya. Kwa kweli alikuwa anauliza. Angepata jibu angeliandika. Akaongeza kwamba ndiyo maana daftari lilifutwa, wafanyakazi wanalindana, yeye hawezi kupeleka makao makuu ushahidi wa rafiki. Kisha akanigeukia mimi.

"Mtaalamu. Hii laptopu ina tatizo?"

Swali lilikuwa limefunguliwa kama mlango. Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyapanga tangu jana, nimeyasema peke yangu bandani kwa sauti. Nikaangalia wale wanaume wawili, mmoja ameshika kalamu. Nikafikiria fomu niliyoisaini. Nikamfikiria mama yangu kule Newala anavyowaambia watu kanisani kwamba mwanawe ni mtu wa kompyuta. Nikaona unga wangu unamwagika pale pale sakafuni mbele ya watu.

"Nimeikagua," nikasema. "Kwa sasa haina tatizo."

Bimkubwa alinigeukia. Hakugeuka kwa haraka. Aligeuka kama mtu aliyeitwa na anataka kujua ni nani, akanitazama, akasubiri. Alidhani naendelea. Wote walidhani naendelea, hata yule mwanamama alikuwa bado ameinua kalamu. Nikatazama picha ya mtoto anayechomwa sindano.

Ile karatasi ilikuwa kwenye ncha ya kanga yake, nilikuwa naliona fundo. Mwandiko wangu. Angeifungua tu akaiweka mezani, ningekwisha mimi na angepona yeye, au angalau wangesikia. Aliulizwa, "Mama, una la kuongeza?" Mkono wake ulikwenda kwenye kanga. Aliishika ile ncha, akaikunja, akajitandia vizuri begani.

"Sina," akasema. "Mie nilikuja kazini kila siku. Mungu ananiona."

Wakamwachisha kazi. Mkataba haukuendelezwa, na barua iliandikwa kwa lugha safi kabisa, utadhani ni ya pongezi. Siku ya mwisho alifua shuka za wodi, akaziweka kabatini, akawaaga wauguzi mmoja mmoja. Bandani kwangu hakupita. Nilisikia viatu vyake vikipita nje ya dirisha, nikainamia kibodi kama mtu mwenye kazi nyingi.

Nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa bado ipo. Makao makuu hawakutaka ipotee, wakaangalia nani mwingine wa mkataba ana mahudhurio safi. Mahudhurio yangu yalikuwa safi. Nilipopewa barua mganga mfawidhi alinipa mkono na kusema hongera, lakini muuguzi wa wodi ya wazazi hakusema kitu, na hajasema nami jambo lisilo la kazi mpaka leo. Naapa sikulifikiria hilo siku ya kikao. Lakini nani ataniamini, na kwa nini aniamini? Hata mimi nikijisikiliza nasikia mtu anayejikosha.

Ulipita mwaka kasoro nikaenda Mitole. Nilipanda bodaboda kutoka barabara kuu, nikauliza, nikaelekezwa shambani kwa wakwe zake. Nilimkuta anapalilia ufuta, peke yake, amejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikaribisha, akanionyesha pa kukaa kivulini, akanipa maji ya kunywa kwenye kopo lake mwenyewe. Hakuna hata moja katika hayo nililostahili. Ningeona nafuu angenitukana.

Nikamwambia nimeamua kuandika barua makao makuu, nieleze kila kitu, saa, karatasi, kikao, kila kitu, wanifanye watakavyo. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akijipangusa jasho shingoni. Nikaona macho yake mekundu, nikamwuliza kama anaumwa. Akasema ana homa tangu juzi, lakini majani hayasubiri.

"Hiyo barua," akasema. "Mwezi uliopita nimefikisha arobaini na mitano."

Nikaliweka kopo chini.

"Andika ukitaka. Utalala. Ila usiandike kwamba unanisaidia mie. Msaada wangu niliungojea siku ile, pale kwenye kiti. Nilikutazama nikasema sasa anasema, sasa anasema." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikaona mwana wa mwenzangu anatetemeka. Nikasema tukianguka wawili itakuwa faida ya nani. Sikukuhurumia, usidhani. Nilikudharau."

Nikamwambia anisamehe. Akasema ameshasikia. Akashika jembe, kisha kama aliyekumbuka kitu akaniuliza, leo ni katikati ya wiki, nimeachaje kazi, nisije nikaandikiwa utoro.

Nikamwambia, "Nipo likizo."

"Ya malipo?"

"Ndiyo. Siku ishirini na nane."

Alisimika jembe ardhini. "Miaka kumi na miwili," akasema, "sijawahi kupata hata moja." Kisha akainama akaendelea kupalilia, na homa yake, na mimi nikakaa pale kivulini nikimtazama mpaka mstari ule ulipokwisha. Barua sikuiandika.